Tunakaba kwa sheria za mwaka gani?

Barua ya wazi kwa viongozi wa mpira wa kikapu, mkoa wa Dar es Salaam na taifa, pamoja na kamati zenu za ufundi na za waamuzi

Waheshimiwa viongozi,

Shikamooni wale mlionitangulia, na salamu nyingi kwa wale tuliochubuana magoti kwenye saruji moja. Nitaanza na rangi ya sakafuni, halafu nitafika kwenye filimbi.

Kiwanja ninachofundishia watoto huku Temeke kimechorwa mara mbili, na watu wawili ambao nadhani hawakuwahi kuonana. Mistari ya zamani, ya manjano, inaonyesha eneo la sekunde tatu (mshambuliaji haruhusiwi kukaa ndani yake zaidi ya hapo) lile la trapezi, jembamba kwenye mstari wa faulo na pana chini ya kapu. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, walianza kulitumia mwaka 1956 na wakaachana nalo 2010. Juu yake kuna mstatili mweupe, wa kisasa, ambao upande mmoja umekwisha kufutwa na mvua za masika. Mstari wa pointi tatu nao upo mara mbili, ule wa mita 6.25 ulioingia mwaka 1984 na huu wa mita 6.75 ulioanza Oktoba 2010. Kile kinusu duara kidogo chini ya ringi, cha mita 1.25, ambacho mkabaji akisimama ndani yake hawezi kudai kwamba mshambuliaji kamgonga, hakipo kabisa. Hakijawahi kuchorwa.

Mtoto mmoja aliniuliza, "Kocha, tunafuata mstari upi?" Nikamwambia mweupe. Akauliza tena, "Na refa anafuata mweupe?" Nilicheka, nikapuliza filimbi, mazoezi yakaendelea. Wiki mbili baadaye kicheko kile kilinitokea puani.

Mimi nilijifunza mchezo huu mwishoni mwa miaka ya themanini. Mwalimu wangu, Mungu amlaze pema, alitufundisha kukaba kwa mkono. Ukimfikia mwenye mpira, weka kiganja kiunoni mwake na usikitoe. Akienda kushoto utajua kabla macho hayajakuambia, akienda kulia unamsukuma kidogo, kidogo tu, apoteze hatua. Chini ya ringi ulikuwa ni mkono wa mbele, kiwiko hadi kifundo, mgongoni mwa mtu. Waamuzi wa enzi zile walituacha tucheze. Tulikuwa tukirudi nyumbani kwenye daladala na alama za vidole mbavuni, na tulijisifu kwazo. Nilipoanza kufundisha, nikawafundisha watoto vilevile, neno kwa neno. Nakiri hilo mapema ili msije mkadhani naandika kama mtu asiye na deni.

Sasa kisa chenyewe. Katika mashindano ya vijana, Jumamosi moja timu yangu ya wasichana ilicheza na mkabaji wangu bora, binti wa miaka 16, akamkaba mtu wao hatari mchezo mzima kwa mkono ule ule wa mwalimu wangu. Akaitiwa faulo moja. Tukashinda, nikampongeza mbele ya wazazi. Jumamosi iliyofuata, mwamuzi mwingine, binti yule yule, mkono ule ule. Kabla ya mapumziko alikuwa na faulo nne. Robo ya tatu haijatimiza dakika mbili akapata ya tano, na kwa Sheria ya 40 ya FIBA faulo tano maana yake ni benchi. Alikuja akaketi pembeni yangu akaniuliza, "Kocha, nimefanya nini leo ambacho sikufanya juzi?"

Mchezo ulipokwisha nilimfuata mwamuzi kwa adabu. Akanijibu, naye kwa adabu, "Kocha, siku hizi mkono hauruhusiwi." Alikuwa sahihi. Nilirudi nyumbani nikakisoma kitabu cha sheria cha FIBA, na kitabu kiko upande wake. Lakini yule wa Jumamosi iliyotangulia naye ni mwamuzi wenu, ana beji ileile. Simlaumu yeyote kati yao. Wanakuja kwa nauli zao, wanasimama kwenye jua la saa tisa, wanatukanwa na watu wazima wenye watoto mikononi. Shida ni kwamba kila mmoja wao alifundishwa mwaka wake, na hakuna aliyewaweka chumba kimoja wakakubaliana. Mmoja anachezesha 1989, mwingine 2024, na mtoto wa miaka 16 ndiye anayelipa tofauti.

Ningependa tukumbushane sheria hizi zilifikaje hapa, maana wako makocha wenzangu wanaoamini kwamba zilibadilishwa na watu wa televisheni ili mabao yawe mengi. Ukweli upo kidogo ndani ya maneno hayo, lakini ni kidogo.

James Naismith alipobandika sheria zake 13 kule Springfield, Marekani, Desemba 1891, tayari aliandika kwamba hakuna kupiga bega, kushika, kusukuma wala kumkata mtu ngwala. Ukirudia kosa mara ya pili unatolewa nje hadi kapu lijalo lifungwe. Timu ikifanya faulo tatu mfululizo, wapinzani wanahesabiwa bao. Kwa hiyo mkono haukuzaliwa halali ukaja kuharamishwa. Ulikuwa haramu tangu siku ya kwanza, na yote yaliyofuata ni historia ya waamuzi kufumba macho, kisha kuyafumbua, kisha kuyafumba tena.

Na kila yalipofumbuliwa palikuwa na sababu. Novemba 22, 1950, katika NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18, na hizo ni pointi za mchezo mzima, si za robo. Lakers walikuwa na George Mikan, jitu la enzi hiyo, na Pistons waliona dawa pekee ni kuushika mpira wasiutoe. Watu walilipa kiingilio kuja kutazama wanaume wazima wakikumbatia mpira. Mwaka 1954 Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse, akawaletea saa ya sekunde 24, timu isipotupa kapuni ndani ya muda huo inaupoteza mpira. Tunapenda kusema saa ile ilileta mashambulizi, lakini mimi kama mkabaji naiona kwa jicho lingine. Kabla yake ulikuwa ukikaba bila kujua mwisho ni lini, na ukiwa nyuma kwa pointi njia ya kuupata mpira ilikuwa kufanya faulo. Baada yake, ukikaba vizuri kwa sekunde 24, kwa miguu tu, mpira ni wako. FIBA walianza na sekunde 30 mwaka 1956, wakashuka hadi 24 mwaka 2000.

Eneo la chini ya kapu nalo lilipanuliwa kwa sababu ya watu wawili. Kwa Mikan, NBA walilitoa futi 6 wakalipeleka 12 mwaka 1951; kwa Wilt Chamberlain wakalifikisha 16 mwaka 1964. Zoni, yaani kukaba eneo badala ya kumkaba mtu, wao waliipiga marufuku mapema sana, Januari 1947, kwa hofu kwamba watu watano wakijazana chini ya ringi mashabiki watarudi nyumbani. Marufuku hiyo ilidumu hadi 2001. Nusu karne na zaidi, kule kwao ilikuwa lazima umkabe mtu wako, huku FIBA wakiiruhusu zoni siku zote. Ndiyo maana wazee wetu wa hapa walikuwa mafundi wa zoni ya mbili-tatu, wawili mbele na watatu nyuma, wakati vigogo wa NBA hawakuruhusiwa kuicheza.

Mkono una hadithi yake, na ndiyo inayonihusu zaidi. NBA walianza kuubana mwishoni mwa miaka ya 1970, lakini waamuzi wakalegea. Wakaja Detroit Pistons, mabingwa wa 1989 na 1990, waliojenga jina lao kwa kumchosha Michael Jordan kwa viwiko, mabega na watu wawili watatu kila alipoingia ndani. Sisi tuliwaona kwenye kanda za video zilizochakaa, tukawaabudu. Waigaji wakawa wengi, kila timu ikataka kukaba kama Pistons bila kuwa na miguu ya Pistons. Msimu wa 1994–95 mkono ukapigwa marufuku katika sehemu kubwa ya kiwanja. Haikutosha. Msimu wa 1998–99 wastani wa timu moja ulishuka hadi pointi 91.6 kwa mchezo, ukiwa na vipaji vile vyote uwanjani. Mwaka 2001 wakairudisha zoni, ila wakaweka sharti kwamba mkabaji asikae ndani ya eneo zaidi ya sekunde tatu bila kuwa na mtu anayemkaba kwa karibu. Kisha kabla ya msimu wa 2004–05 wakasema sasa basi, mkono kwa mwenye mpira anayeelekea kapuni ni faulo, popote pale nje. Wastani ukapanda kutoka 93.4 hadi 97.2 ndani ya msimu mmoja. Timu ya Phoenix ya Steve Nash, mtu mwembamba ambaye miaka kumi nyuma angesukumwa hadi jukwaani, ikafunga 110.4 kwa mchezo, na Nash akawa mchezaji bora wa ligi mara mbili mfululizo.

Kuna jambo moja hapa linalonifurahisha. Mlinzi wa Detroit aliyekuwa na kazi ya kumkaba Jordan uso kwa uso aliitwa Joe Dumars, na huyo kati ya wababe wote alikuwa mpole, aliyekaba zaidi kwa miguu kuliko kwa viwiko. Mwaka 2022 ligi ilimpa kiti cha kusimamia masuala ya mchezo wenyewe, sheria zake zikiwemo. Ningetamani na sisi tuwaweke wakabaji wastaafu kwenye kamati zetu. Wafungaji mmewaweka wengi mno.

Lakini la msingi katika hadithi hiyo yote ni kwamba mabadiliko ya kule yalitangazwa kabla ya mpira kurushwa. Waamuzi hupita kwenye kambi za timu, video hutumwa, kocha anaonyeshwa mguso huu ni faulo na huu si faulo. Unaweza kuichukia sheria, lakini msimu hauanzi hujaijua.

Kwetu linaongezeka tatizo jingine. Watoto wetu wanacheza kwa kitabu cha FIBA mchana na usiku wanatazama NBA kwenye simu, vipande vya sekunde kumi na tano. Kijana wangu mmoja mrefu alirukia mpira uliokuwa ukicheza juu ya ringi, akaupiga nje. Mpira ulikuwa umeshagusa ringi. Kwa FIBA hilo ni halali, mpira wa kutupwa kapuni ukishaigusa ringi mtu yeyote anaweza kuuchukua ilimradi asiguse kapu lenyewe wala asipitishe mkono kutoka chini. Kwa NBA ni kosa, bao linahesabiwa. Mwamuzi wetu, kijana mzuri tu, akahesabu bao. Nilipomwonyesha Sheria ya 31 baadaye, kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka, alishangaa kwa dhati. Na yeye anatazama vipande vilevile.

Wakubwa nao wameteleza hapohapo. Olimpiki ya Athens mwaka 2004, Marekani walipeleka akina Tim Duncan, Allen Iverson na LeBron James aliyekuwa bado kinda. Puerto Rico wakawafunga 92 kwa 73 mchezo wa kwanza, kisha Wamarekani wakafungwa tena na Lithuania na Argentina, wakarudi na shaba. Walikutana na zoni, na walikutana na filimbi wasiyoizoea, Duncan akihangaika na faulo mashindano yote. Kama filimbi ngeni inaweza kumfanya Tim Duncan awe mtu wa benchi, binti wa Temeke atafanyaje?

Niseme pia la Hasheem Thabeet, kwa heshima, kwa sababu ni wetu na aliifikisha Dar es Salaam mahali ambapo hakuna aliyewahi kuifikisha. Mtoto wa mjini hapa, mita 2.21, alianza kikapu akiwa na umri wa miaka kama 15. Pale chuo cha Connecticut alikuwa ukuta. Msimu wa 2008–09 alikuwa akizuia mitupo zaidi ya minne kwa mchezo na timu ikafika nne bora za taifa. Mwaka 2009 Memphis wakamchagua wa pili katika uchaguzi wote wa wachezaji wapya wa NBA, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Mpira wa vyuo vya Marekani hauna sheria ya sekunde tatu kwa mkabaji. NBA unayo. Alikotoka angeweza kusimama chini ya ringi akawasubiri; alikokwenda kila sekunde tatu anatakiwa atoke au awe anamkaba mtu kwa karibu, halafu akitoka anakutana na mdunda mpira mwepesi ambaye haruhusiwi kumwekea mkono, akiwa mbali na kapu. Sisemi sheria ndiyo iliyompunguzia miaka yake kule, mambo ya mchezaji ni mengi na mengine ni yake mwenyewe. Nasema alikulia kwenye nchi ambayo mtoto mrefu anaambiwa asimame chini ya goli asitoke.

Na bado tunawaambia hivyo. Nendeni kwenye mashindano ya watoto wa chini ya miaka 14, popote mjini, mtakuta zoni. Mtoto mrefu katikati kama nguzo ya umeme, wafupi wanne wakizunguka mbele yake mikono juu. Inashinda vikombe, kwa sababu katika umri huo hakuna anayeweza kutupa kutoka mbali. Nami nimeshinda kikombe kwa njia hiyo, kipo kabatini. Lakini mtoto anafika miaka 17 hajawahi hata mara moja kubaki peke yake na mtu mwenye mpira, hajui kukaa chini, hajui kutelezesha miguu, na akishindwa miguu unakuja mkono. Kwa maoni yangu mashindano yote ya umri huo yangekatazwa zoni, kila mtoto amkabe mwenzake, apitwe, alie, ajifunze. Najua makocha wenzangu watanuna. Wanune.

Ombi langu kubwa ni dogo kwa gharama. Kabla ya msimu ujao kuanza, iteni makocha na waamuzi mahali pamoja. Don Bosco Upanga, au JMK Park pale Kidongo Chekundu, hata chini ya mwembe. Msiwaite makocha siku yao na waamuzi siku yao kama ilivyozoeleka, waiteni pamoja, na wawepo wachezaji wawili wa kuonyesha. Fungueni Sheria ya 33, inayohusu migusano. Iko pale kanuni ya silinda, kwamba kila mchezaji ana nafasi yake kuanzia sakafuni hadi juu angani na hakuna wa kumwingilia. Iko pale maana ya kusimama kihalali, uso umemwelekea mpinzani na miguu yote miwili chini. Upo na mkono: kumgusa mtu kwa kiganja si kosa lenyewe, kosa ni pale mguso unapomzuia au unapokupa faida. Hapo kwenye "unapokupa faida" ndipo tunapogombana kila Jumamosi. Basi mwamuzi amwonyeshe kocha papo hapo, huu nauacha, huu naupuliza, na mkishakubaliana iwe hivyo kuanzia raundi ya kwanza hadi fainali, kwa wanaume na wanawake, kwa klabu kubwa na kwa watoto wa mitaani. Mwakani mkitaka kubadilisha, badilisheni, mtuambie kabla.

Kurasa hizo za migusano zitafsirini kwa Kiswahili cha uwanjani. Si kitabu kizima, najua hamna fedha, ni kurasa chache. Nina vijana wanaoweza kusoma Kiingereza cha mtihani lakini sentensi ya sheria yenye vishazi vinne inawashinda, na kusema kweli nami hunilazimu kuisoma mara tatu. Kama ni kazi ya kujitolea, mimi wa kwanza, na namjua mwalimu mmoja wa Kiswahili aliyewahi kucheza nafasi ya mpangaji mchezo. Yeye peke yake atamaliza ubishi wetu wa kama "block" ya mwamuzi na "bloku" ya mchezaji ni kitu kimoja. Si kitu kimoja: ya mwamuzi ni faulo ya kumzibia mtu njia, ya mchezaji ni kuuzuia mpira uliotupwa, na nusu ya wazazi jukwaani hawajui.

Yule binti bado anakuja. Tumeanza upya naye, mikono nyuma ya mgongo, mazoezi ya wiki sita sasa, anakaba kwa miguu peke yake huku ameshika taulo nyuma. Mwanzoni alipitwa kama lango la stendi. Juzi alimlazimisha kijana wa kiume anayemzidi kichwa kizima kuusimamisha mpira, na taulo halijaanguka. Nataka kumwambia kwamba atakaporudi kwenye mashindano hiyo ndiyo namna itakayolindwa na filimbi, kwamba yule wa upande wa pili anayemwekea kiganja kiunoni ataitiwa faulo kama alivyoitiwa yeye. Siwezi kumwambia, kwa sababu sijui Jumamosi hiyo atakuja mwamuzi wa mwaka gani.

Rangi tumeshanunua. Wazazi wamechanga, ndoo mbili, nyeupe. Wiki ijayo tutaifuta trapezi kwa kuipaka juu na tutachora kinusu duara kwa kamba ya mita 1.25 na msumari. Mistari tunaiweza wenyewe.

Wenu katika mchezo,
Kocha wa watoto, Temeke